Jinsi ya Kumpa Mtoto Mdogo Dawa ya Minyoo

Mwongozo huu unamhusu mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, na minyoo inayoambukizwa kupitia udongo: minyoo ya mviringo, safura na minyoo ya mjeledi.

Hatua ya 1: Angalia kadi ya kliniki. Hapa Tanzania dawa ya minyoo hutolewa pamoja na matone ya vitamini A mwezi Juni na Desemba, kwa hiyo huenda mtoto amekwishaipata. Mtoto ambaye hajatimiza miezi 12 asipewe dawa hii nyumbani. Mwenye homa kali au anayetapika asubiri apone kwanza, na aliyewahi kupata kifafa aonwe na daktari kabla ya kumeza chochote.

Hatua ya 2: Pima dozi kwa umri, wala si kwa umbo. Albendazole, dawa ya minyoo inayozungumziwa hapa, ni miligramu 200, yaani nusu ya kidonge cha 400, kwa mtoto wa miezi 12 hadi 23. Kuanzia miaka miwili ni kidonge kizima, hata akiwa mwembamba. Dawa ya maji hutofautiana nguvu kutoka chupa hadi chupa, kwa hiyo soma lebo kabla ya kumimina.

Hatua ya 3: Saga kidonge. Kiweke kati ya vijiko viwili safi, ukikandamize hadi kiwe unga usio na chembe, kisha ongeza maji kidogo yaliyochemshwa yakapoa, au changanya na kijiko kimoja cha ndizi mbivu iliyopondwa. Usikichanganye kwenye bakuli zima la uji, kwa sababu mtoto akibakiza uji amebakiza na dawa. Mkalishe wima, umpe kidogo kidogo, na uhakikishe amemeza kabla ya kuongeza. Kumbana pua au kumlaza kwa nguvu huku analia ndiko ninakokukemea kuliko yote kliniki, kwani anapovuta pumzi ya kilio dawa inaweza kuingia kwenye njia ya hewa na kumpalia. Akikataa kabisa, mwache atulie ndipo ujaribu tena.

Hatua ya 4: Mwangalie. Kuumwa tumbo kidogo au kichefuchefu huisha chenyewe. Anaweza kutoa minyoo chooni siku zinazofuata, lakini usipoiona usidhani dawa imeshindwa. Tumbo likivimba na kuwa gumu, akatapika mfululizo na asipate choo, mpeleke hospitali mara moja, maana minyoo ya mviringo ikiwa mingi huweza kuziba utumbo. Akiwa na viganja vyeupe na kuchoka upesi, apimwe damu: safura hufyonza damu, na dawa ya minyoo peke yake hairudishi damu iliyokwisha kupotea.

Mtoto anayejikuna sehemu ya haja kubwa usiku ana uwezekano wa kuwa na minyoo ya uzi. Hapo familia nzima hutibiwa siku moja na kurudia dozi baada ya wiki mbili, kwa kuwa mayai husalia kwenye kucha na mashuka. Kichocho nacho kina dawa yake, prazikwanteli, albendazole haikitibu.

Hatua ya 5: Andikisha tarehe kwenye kadi. Mayai ya minyoo ya mviringo hudumu miaka udongoni, hivyo mtoto anayecheza penye kinyesi ataambukizwa tena, na muuguzi atakayempokea ataanza kwa kutafuta tarehe hiyo.