Poda kwenye mwavuli wa roketi ndogo
Kwa wanaounda roketi ndogo za karatasi huku Unguja, ambako unyevu wa bahari hauachi kitu kikavu, inafaa mwavuli wa plastiki unaoishusha roketi taratibu usikunjwe tangu jana, bali ukunjwe papo hapo na kupakwa poda ya mtoto, kwani mikunjo iliyogandana huchelewa kufunguka. Kisha roketi inyanyuliwe kwa kushikwa ncha, yaani kifuniko cha juu kinachochomoka ili mwavuli utoke: bomba la mwili lining'inie bila ya kuchomoka, lakini lichomoke likitikiswa kidogo, likigoma, shingo ya ncha, ile inayoingia ndani ya bomba, ipigwe msasa laini. Mimi hungojea maji yakupwe Jambiani, kabla kusi haijachachamaa, nikishahakikisha wakulima wa mwani wako mbali, na huwasha injini kwa waya wa umeme nikiwa umbali wa mita 5 au zaidi, kamwe si kwa kiberiti.