Kuivisha Game Boy Advance kava mpya

Game Boy Advance yangu, ile mashine ya Nintendo ya kuchezea gemu mkononi, niliipata mwaka 2002. Mjomba wangu alikuwa baharia, akaniletea kutoka Dubai, ya rangi ya zambarau. Imekaa miaka yote hiyo nyumbani kwetu Kibokoni, Mombasa, na upepo wa bahari haukuionea huruma: plastiki imefubaa, kona moja imepasuka, kioo cha juu kimejaa mikwaruzo hata picha huioni. Bodi yake ya umeme ndani, lakini, nzima kabisa. Mimi hutengeneza simu Mwembe Tayari, na hii nimeifanya kwa mikono yangu ili mpwa wangu aichezee.

Ukinunua kava, angalia kwanza imekatwa kwa skrini gani. Zipo za skrini ya asili, na zipo za skrini mpya zenye mwanga. Nafasi ya ndani si moja. Ukichanganya utaishia kukata plastiki kwa wembe.

Bisibisi zinatakiwa mbili: ya nyota ndogo, na ya miguu mitatu, ile ambayo ncha yake ni kama nembo ya Mercedes. Hiyo ya pili usiikwepe kwa kutumia kisu. Skrubu za huku kwetu zimeshikwa na kutu, na ukiila kichwa chake umejitafutia kazi ya siku nzima. Iliyogoma, itilie tone la mafuta ya cherehani kwa ncha ya sindano, uiache ilale hadi kesho. Kisha gandamiza bisibisi sana, zungusha kidogo kidogo.

Zima pangaboi. Mimi hufanya kazi hii baada ya swala ya alfajiri, kabla joto halijapanda, maana mchana bila pangaboi jasho litadondokea bodi, na ukiliwasha vumbi lote linakwenda kwenye skrini. Weka trei ya mayai kando yako, kila shimo na skrubu zake.

Toa kaseti ya gemu na betri mbili. Nyuma kuna skrubu sita za miguu mitatu, na moja ya nyota ndani ya sehemu ya betri. Hiyo ndiyo watu huisahau, halafu wanaanza kubandua kava kwa nguvu. Inua mgongo polepole. Vitufe vya L na R, vile vya pembe za juu, vitataka kudondoka. Kila kimoja kina kijiti cha chuma na springi nyembamba kama unywele, na havimo kwenye paketi ya kava mpya niliyoinunua mimi. Vipige picha kwa simu kabla hujavigusa.

Sasa fleksi ya skrini, ule utepe mwembamba unaoiunganisha na bodi. Kishikio chake kina masikio mawili, kushoto na kulia. Yasukume kwa ukucha, kidogo upande huu, kidogo upande ule, yakisogea milimita moja tu yatosha. Fleksi itatoka yenyewe. Masikio haya yakivunjika, hiyo si kazi ya kava tena. Ondoa skrubu tatu za bodi, uinue pamoja na spika yake bila kuvuta nyaya. Skrini imegandishwa kidogo. Ipenyezee kadi ya plastiki pembeni, usiikunje.

Bodi ikiwa nje, tazama vyuma vya betri. Ukiona ungaunga mweupe au wa kijani, betri ilivuja. Maji ya betri za alkali hukatwa na asidi, kwa hivyo chovya kijiti cha pamba katika siki nyeupe, sugua, kisha pitisha spiriti, uache ikauke vizuri. Siki usiiache hapo, nayo hula chuma.

Kava mpya huja na vitufe na mipira yake, ile raba laini inayokaa chini ya vitufe. Vitufe weka vipya ukipenda rangi. Mipira, mimi narudisha ile ya zamani ikiwa haijachanika: naiosha kwa maji ya sabuni, naikausha. Mipira ya bandia niliyojaribu ilikuwa migumu, kidole kinachoka. Usisahau pia kile kipande kidogo cha plastiki angavu kinachopitisha mwanga wa taa. Hubaki kwenye kava kuukuu, ukashangaa mbona taa haionekani.

Rudisha kwa mpango uleule, ila kinyumenyume, kioo cha juu kikiwa cha mwisho kabisa. Nao utando wa kukilinda ubandue dakika ileile ya kukibandika, baada ya kupuliza skrini kwa kipulizio cha mpira. Usipulize kwa mdomo, mate yataruka.

Skrubu ikiingia kwenye plastiki, izungushe kwanza kinyume mpaka uisikie ikidondoka "tik" kwenye njia yake, ndipo uikaze. Ikigusa tu, simama. Nilikaza kupita kiasi mara ya kwanza, kitufe cha A kikawa kinabaki chini. Nililegeza robo mzunguko, kikarudi.

Funga skrubu mbili, washa, jaribu kila kitufe na sauti, kisha malizia zilizobaki. Kava kuukuu nimeitia kwenye bahasha pamoja na karatasi ya nambari iliyo mgongoni. Zambarau ile ndiyo aliyoichagua mjomba.