Bibi asikae tu: namna ya kumlindia miguu yake

Hapa Ujiji bibi akishafika miaka 75 nyumba nzima wimbo ni mmoja, "bibi kaa tu usihangaike", maji analetewa, chakula kinamfuata mkekani, tunaona ndo heshima. Mi mwenyewe nilimfanyia hivyo bibi yangu karibu mwaka mzima mpaka siku nikamkuta anang'ang'ania fremu ya mlango kwa mikono miwili ndo anyanyuke kwenye kigoda. WHO kwa hesabu za 2019 wanasema wastani wa kuishi duniani ni kama miaka 73 ila yenye afya ni kama 63 tu, yani miaka kumi hivi inaliwa na maradhi na ulemavu.

Anza na kumpima. Kiti cha kawaida kisicho na mikono, kiegemeze ukutani, akunje mikono kifuani, ainuke na kukaa kwa sekunde 30 we unahesabu huku umesimama karibu. Mwanamke wa miaka 75 hadi 79 asipofikisha mara 10, miguu imelegea na anaweza kuanguka wakati wowote. Bibi alifika 4, ya tano akanitukana kwa Kiha.

Sasa dawa yake ni hichohicho kiti, asubuhi mara tano na jioni mara tano, akishindwa ajisukume na mikono kwanza, akipepesuka mwache apumzike. Halafu mrudishie kazi zake, achambue dagaa, amwagilie mchicha, na akitumia dakika kumi kuvaa gauni mwache avae jamani, mnakimbilia wapi? Hao dagaa ale na yeye, wanaliwa na mifupa yao so protini na kalsiamu vyote vimo, kama hana meno watwange.

Choo ndo penyewe. Chetu kiko nje, cha kuchuchumaa, na usiku ni giza, kwahiyo fundi alitutengenezea kiti cha mbao chenye tundu kinakaa juu ya shimo, ukutani akapigilia mti wa kushika, tukaweka taa ya sola na kandambili zilizolika tukatupa.

Presha, sukari na macho apimwe, na kama hana uwezo na amevuka 60 ulizieni kitambulisho cha mzee cha matibabu bure.

Juzi kafika mara 8. Ila kwa majirani anasema mjukuu wake anamfanyisha kazi kama punda.