Unauza nyumba unayoishi Kenya? Usihame mapema

Kaa humo mpaka umiliki uhamishwe, na usimweke mpangaji eti akulipie mwezi mmoja mmoja ukisubiri mnunuzi. Kodi ya faida ya kuuza mali ni asilimia 15 tangu Januari 2023, lakini makazi ya mtu binafsi yamesamehewa ikiwa mwenyewe ameishi humo miaka 3 mfululizo hadi siku ya kuhamisha. Mpangaji anaukata mfululizo huo. Weka bili za maji na risiti za tokeni za stima, ziwe ushahidi kwamba uliishi humo. Hati ikiwa kwa jina la kampuni, msamaha huu haupo; hapo tafuta risiti za ununuzi, za wakili na za kile chumba ulichoongeza, zinapunguza faida inayotozwa.