Kusafisha maji taka ya banda la samaki kwa kokoto na mafunjo

Kwenye fuo ndogo za Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, Kenya, Dunga ikiwemo, maji ya kuoshea samaki na vyombo yakiachwa huteremka hadi ziwani. Hapa maji hupita kwanza kwenye mtego wa mafuta, kisha kwenye kitanda, yaani shimo lililojazwa kokoto na kupandwa mafunjo. Mfumo huu unafaa banda au hoteli inayomwaga lita 1,000 kwa siku. Maji ya choo usiyaingize humu.

1. Pima. Hesabu mitungi ya lita 20 inayomwagwa siku yenye wateja wengi. Mitungi 50 ni lita 1,000. Maji yakae kitandani siku 3, yaani lita 3,000. Katikati ya kokoto, nafasi ya maji ni kama asilimia 35 tu, kwa hiyo utahitaji kokoto mita za ujazo 8.6. Kwa kina cha nusu mita, chimba mita 3 kwa 6.

2. Chagua mahali palipo juu ya alama ambayo ziwa lilifika mwaka 2020. Wenyeji watakuonyesha.

3. Jenga mtego wa mafuta. Watu humaliza pesa kwenye kokoto, kisha hapa wanaweka ndoo tu. Mbuta (sangara) wa kukaanga ana mafuta, na mafuta ndiyo huua kitanda cha kokoto. Tumia pipa la lita 200 lenye mfuniko. Maji yaingilie juu. Bomba la kutokea liwe na umbo la T, mguu wake ukizama hadi katikati ya pipa. Mafuta huelea, magamba huzama, maji ya katikati ndiyo hutoka. Maji ya sufuria yapoe kwanza, kwa sababu mafuta yakiwa ya moto hupita na maji. Weka wavu kwenye sinki uzuie matumbo ya samaki. Kila wiki kwangua utando wa juu, uzoe tope la chini, uvifukie.

4. Chimba. Sakafu iteremke sentimita 1 kwa kila mita. Mpira wa maji wa fundi unatosha kupimia. Udongo mweusi wa huku hupasuka kiangazi, basi tandika karatasi nzito ya bwawa.

5. Jaza. Nusu mita ya kila upande, pa kuingilia na pa kutokea, weka mawe ya ukubwa wa ngumi. Katikati kokoto za milimita 10 hadi 20, zilizooshwa hadi vumbi liishe. Bomba la kutokea lianzie sakafuni, nje liinuke kwa kiwiko kinachozungushika. Kizungushe hadi maji yasimame sentimita 5 hadi 10 chini ya uso wa kokoto. Mbu hawapati pa kutagia.

6. Panda vipande vya mizizi ya mafunjo au matete vyenye macho, nusu mita kati yake. Gugumaji halifai, linahitaji maji ya wazi.

7. Elekeza maji kwenye migomba. Sukuma wiki hapana, vijidudu havijaisha.

Maji yakianza kutuama juu ya kokoto upande wa kuingilia, mtego umepuuzwa. Toa mawe na kokoto za mita ya kwanza, uzioshe mbali na ziwa, uzirudishe.