Kabla hujashika msumeno, iulize halmashauri

Ndugu zangu mlionunua nyumba huku England, mti ulio uani ni wako, ila ruhusa ya kuukata huenda si yako. Kwetu tumezoea mwembe ukiziba dirisha unaita kijana mwenye panga, jioni kuni zimepatikana. Huku anza na tovuti ya halmashauri, au wapigie idara ya mipango miji uwaulize mambo mawili: mti una amri ya kuulinda? Nyumba iko ndani ya eneo la hifadhi (conservation area), yaani mtaa unaolindwa kwa sababu ya historia au mwonekano wake, si mbuga ya wanyama?

Kama amri ipo, hata kupunguza matawi kunahitaji kibali cha maandishi. Maombi ni bure, na kwa kawaida jibu hutolewa ndani ya wiki 8. Katika eneo la hifadhi, shina lenye kipenyo kinachozidi milimita 75, likipimwa mita 1.5 kutoka ardhini, unalitolea taarifa wiki 6 kabla ya kugusa chochote. Fundi akikwambia "haina shida", usimsikilize. Faini ya kuua mti wenye amri haina kikomo.

Matawi ya jirani yaliyoingia kwako unaweza kuyakata, lakini mwisho mpakani, na amri ikiwepo inakubana wewe pia. Mimi ningepiga hodi kwake kwanza.

Halafu tazama viota, hasa Machi hadi Agosti. Kuharibu kwa makusudi kiota ambacho ndege bado anakitumia ni kosa la jinai.