Somo: Umeme wa gari la zamani, pima kabla ya kung'oa kitu

Gari lenye umri likianza kusumbua umeme, wengi hukimbilia kubadilisha betri. Likigoma, alternata (inayochaji betri). Likigoma tena, stata (mota inayozungusha injini iwake). Hela imekwisha na gari bado linasukumwa. Kumbe mara nyingi ugonjwa uko kwenye viungo: waya umeliwa na kutu, ethi (njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi) imelegea, fyuzi haishiki vizuri miguuni. Kwa macho huoni kitu, mita ndiyo inayosema.

Andaa mita ya kawaida ya dijitali, taa ya kupimia (balbu ndogo yenye nyaya mbili inatosha), msasa na brashi ya waya. Vua pete na saa ya chuma. Sigara weka mbali, maana betri inapochaji hutoa gesi ya haidrojeni.

Hatua ya 1: betri. Ipime gari likiwa limelala usiku kucha. Iliyojaa husoma karibu volti 12.6, ikisoma 12.0 iko karibu tupu, ichaji kwanza. Kisha mtu apige stata wewe ukiangalia mita. Isishuke chini ya 9.6 hivi.

Hatua ya 2: chaji. Injini ikiunguruma, utegemee 13.8 hadi 14.5. Ikipita 15, regyuleta (kidhibiti cha chaji) imekufa na betri inachemshwa.

Hatua ya 3: volti zinazopotea njiani. Hapa ndipo somo lilipo, na ndipo wengi huruka. Waya uliobakiza nyuzi mbili tatu bado utakuonyesha volti 12 ukiupima bila mzigo (kifaa kinachovuta umeme). Uwekee mzigo mzito kama stata, volti zinaporomoka. Kwa hiyo pima umeme ukiwa unafanya kazi.

Chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta au waya wa koili ili gari lisiwake. Weka mita kwenye volti za DC. Ncha moja iguse nguzo ya hasi ya betri yenyewe, ile risasi ya katikati, siyo kibanio chake (kile chuma kinachoshika waya kwenye nguzo). Ncha ya pili iguse chuma kisafi cha injini. Mtu apige stata. Ukisoma 0.2 au chini, ethi ni nzima. Ukisoma 1 au 2, volti hizo zinaishia njiani na stata haizipati. Sogeza ncha hatua kwa hatua: kutoka nguzo hadi kibanio, kutoka kibanio hadi waya, kutoka waya hadi bodi, kutoka bodi hadi injini. Pale namba inaporuka ndipo penye ugonjwa.

Usidanganywe na kibanio kinachong'aa. Kifungue uone ndani: utakuta utando wa kijivu kati yake na nguzo. Piga msasa pande zote mbili, kaza. Ukibonyeza waya karibu na kibanio ukasikia unakwaruza kama una mchanga ndani, shaba imeshageuka unga wa kijani. Huo badilisha tu.

Upande wa chanya pima vivyo hivyo, kutoka nguzo ya betri hadi boliti nene ya stata. Isizidi 0.5.

Hatua ya 4: betri inayokauka usiku. Zima kila kitu, funga milango, fungua waya wa hasi, kisha unganisha mita katikati yake na nguzo kwenye tundu la ampea 10. Usipige stata wala kuwasha swichi ya gari hapo, utaunguza fyuzi ya mita. Ikizidi ampea 0.05, chomoa fyuzi moja moja hadi namba ishuke. Taa ya buti isiyozima ni mshukiwa wa kwanza.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nikikanyaga breki indiketa ya nyuma nayo inawaka hafifu. Swichi ya breki?

Jibu: Hapana, ni ethi ya taa ya nyuma. Umeme umekosa njia ya kurudi, unapita kwenye balbu ya jirani. Toa waya mpya kutoka kwenye taa hadi bodi, ujaribu.

Swali: Fyuzi ya 10 inaungua kila siku. Niweke ya 20?

Jibu: Usithubutu kaka, kitakachoungua safari ijayo ni waya wenyewe. Weka balbu ya wati 21 mahali pa fyuzi. Kama kuna shoti itawaka kwa nguvu. Tikisa nyaya taratibu, hasa zinapopita kwenye matundu ya bati na bawaba za milango. Ikififia ghafla, umeshika penyewe.

Swali: Fundi, nimechomoa fyuzi zote lakini betri bado inavuja ampea nzima!

Jibu: Chomoa waya mnene wa alternata, ila hasi ya betri iwe imefunguliwa kwanza. Zungushia waya huo plasta usiguse bodi, kisha unganisha mita tena. Ikishuka, daiodi za alternata (zinazozuia umeme wa betri usirudi ndani yake) zimekufa.

Swali: Langu halichaji, na taa ya betri kwenye dashibodi haiwaki hata nikiwasha swichi ya gari.

Jibu: Anza na balbu hiyo dada. Kwenye magari mengi ya zamani, umeme wa kuamsha alternata unapitia humo. Ikiungua, alternata nzima inaweza kukaa kimya. Usiifungue alternata kabla hujaitazama.